Yah: Kompyuta ya Mheshimiwa Mkurugenzi kurejea tarehe 4 Aprili

Sabasaba, 7 Julai 2025

Mheshimiwa Mkurugenzi,



Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwanza naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Utaratibu naufahamu: afisa wa ngazi yangu huandika dokezo sabili, dokezo hupita kwa mkuu wa kitengo, hupandishwa mezani kwako, nawe kwa hekima yako hulikalia mpaka liive. Madokezo yangu matatu yako kwako tangu mwaka jana, na kwa jinsi yalivyotulia nisingependa kuyasumbua. Ndiyo maana nimeona niandike barua hii, tena siku ya mapumziko ili nisitumie muda wa mwajiri. Unaweza kuisoma nyumbani ukiwa umekunja miguu, maana haina hata mahali pa kusaini.

Pili, nakupongeza. Katika kikao cha wafanyakazi cha mwezi Juni ulisimama ukatangaza kwamba kompyuta yako iliyokufa imefufuka, na kwamba kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na chupa za chai, nikapiga pia, kwani si adabu mtu kuacha mikono mapajani wakati Mkurugenzi anaisifia kazi yake. Lakini tangu siku ile sentensi ile inaninyima usingizi, na naomba ruhusa yako niiongezee neno moja tu. Kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa. Hilo ni kweli tupu. Neno ninaloomba kuongeza ni "lini".

Kinachoitwa taswira ya mfumo, Mheshimiwa, ambacho vijana wa kitengoni wanakiita imeji, ni picha ya diski nzima kwa siku moja. Ukinakili mafaili peke yake umeokoa nguo kwenye nyumba inayoungua. Ukiwa na taswira umeiweka nyumba yenyewe akiba: kuta, bati, vitasa, printa ilivyounganishwa, programu ya mishahara na leseni yake, na vile vyumba vidogo vya uficho kwenye diski ambavyo bila hivyo mashine haiwezi hata kuamka. Ukiirudisha huanzi kusakinisha Windows upya wala kutafuta programu moja moja kwa siku tatu. Ila inarudi na kila kitu cha siku ile, pamoja na bomba lililokuwa linavuja. Na kilichoingia ndani ya nyumba baada ya picha, picha haikijui.

Picha ya mwisho ya kompyuta yako ilipigwa Ijumaa ya tarehe 4 Aprili 2025 jioni, ikahifadhiwa kwenye diski ya nje nyeusi ya terabaiti moja, ambayo kwa mkono wangu niliiandika kwa maka peni: BEKAPU, USICHUKUE. Natambua sasa kwamba maandishi yale hayakuwa na adabu. Hayakutaja yanamkataza nani, na kiongozi angeweza kabisa kuyasoma kama yanawahusu wengine. Jumatatu ya tarehe 7 diski iliazimwa na ofisi yako kwa ajili ya Kamati ya Harusi ya binti yetu. Nasema binti yetu kwa kuwa ofisi nzima tulichanga, na suala hilo nitalirudia kwa unyenyekevu. Harusi ilifungwa Jumamosi ya tarehe 26, Siku ya Muungano, na kweli muungano ulipendeza. Mpiga video alikuja na kamera tatu na hakufuta kitu. Diski ilirejea ofisini tarehe 19 Mei ikiwa na gigabaiti 640 za vigelegele.

Muda wote huo kompyuta yako ilibaki mtumishi mwaminifu. Ijumaa ikifika iliitafuta diski, ikaikosa, ikaandika kwenye kona ya kioo kwamba nakala haikufanyika. Ujumbe ule ulikuwa ukifungwa. Sithubutu kusema ulifungwa na nani. Nasema tu kwamba kiti cha kuzunguka ndani ya chumba kile ni kimoja. Ijumaa ya tarehe 23 Mei diski ilikuwepo, ila nafasi ndiyo haikuwepo. Jumatatu ya tarehe 26 ulibonyeza kitufe, diski ya ndani ikagonga ta, ta, ta, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu, na kioo kikabaki cheusi.

Nilikuja mbio nikiwa na fleshi yangu ya Windows. Nikaiwasha mashine kwa fleshi, nikapita kwenye sehemu ya kurekebisha, nikachagua kurejesha taswira. Ikajibu kwamba haioni taswira yoyote. Hapo, Mheshimiwa, ndipo ulipoingia ukaniona nimeshika kichwa, ukaniuliza kama naumwa.

Chombo kile cha Windows kina tabia ya karani wa sensa mvivu: kinabisha mlango wa mbele tu. Folda ya taswira inaitwa WindowsImageBackup, na sharti ikae nje kabisa, ngazi ya kwanza ya diski, kwa jina hilohilo. Ukiibadilisha jina au ukaitia ndani ya folda nyingine, karani anaandika "hayupo" na kuondoka. Mtu mmoja mpenda usafi kwenye Kamati ya Harusi alikuwa ameichukua akaitia ndani ya folda mpya aliyoiita VITU VYA OFISI. Kwa upande wa usafi anastahili pongezi. Kuirudisha mahali pake ilinichukua sekunde moja. Kugundua kwamba imehamishwa kulinichukua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri.

Wakati huo Kitengo cha Ununuzi, kwa mwendo ambao sijapata kuuona tangu niajiriwe, kilikuwa kimeshaleta diski mpya. Ya zamani ilikuwa ya gigabaiti 500. Mpya ni ya aina ya kisasa isiyozunguka, nyepesi, yenye kasi mara nyingi zaidi, ya gigabaiti 480. Nilishukuru, nikaifunga, nikaanza. Ikakataa. Mzigo wenyewe ulikuwa gigabaiti 210 tu, ungeingia na nafasi ikabaki ya harusi nyingine ndogo, lakini chombo hiki hakipimi maji, kinapima mtungi: diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, hata kwa kidogo, hakuna mazungumzo. Niliporudi Ununuzi kuomba ibadilishwe niliambiwa mchakato huo ni wa siku 14. Nikaenda nyumbani nikafungua kompyuta ya watoto, nikachomoa diski yake ya terabaiti moja, na hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta yako hivi sasa. Mwanangu wa kidato cha pili anakusalimu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Tundu la USB la mashine yako ni la zamani, linapitisha kiasi cha megabaiti 30 kwa sekunde, hivyo gigabaiti 210 zilihitaji muda wa karibu saa mbili. Nilikaa sakafuni nikiutazama ule mstari unaotambaa. Ukapita na wageni wako, ukaniuliza kama mambo haya huwapata hata wakubwa. Nilijibu "ndiyo, Mheshimiwa" nikanyamaza kwa heshima ya wageni. Naomba sasa nimalizie jibu lile.

Yanawapata. Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, makontena yake yenye nyota unayaona kila siku kwenye malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Tarehe 27 Juni 2017 ilipigwa na programu hasidi iliyopewa jina NotPetya, iliyoingia duniani kupitia sasisho la programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema hadharani huko Davos mwezi Januari 2018 kwamba walilazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, kazi waliyoimaliza kwa siku kumi. Hasara waliitangaza wenyewe: kati ya dola milioni 250 na 300.

Lakini si ukubwa wa hasara ulionifanya niikumbuke nikiwa sakafuni kwako. Mwandishi Andy Greenberg alisimulia katika jarida la Wired mwaka 2018 kwamba nakala za seva nyingi za Maersk zilikuwepo, za siku chache tu kabla ya mkasa. Kilichokosekana ni nakala ya zile seva zinazojua nani ni nani na anaruhusiwa kuingia mlango gani, ambazo bila hizo, zile nyingine hazina maana. Zilikuwa kama 150 duniani kote, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake. Moja ikifa, nyingine zinaijaza. Hakuna aliyewaza kwamba zote zinaweza kufa siku moja, na siku hiyo zikafa zote.

Isipokuwa ya Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika kwenye ofisi yao ya Ghana, na seva ya pale ikawa imezimika. Virusi vilipopita dunia nzima, yenyewe ilikuwa imelala gizani haina habari. Mheshimiwa, sisi tunaolalamika kila siku kuhusu umeme tusome hapo taratibu. Waliokuwa wakiongoza ukarabati pale Maidenhead, Uingereza, walitaka data ile itumwe kwa mtandao, ikaonekana ingechukua siku kadhaa kwa kasi ya laini iliyokuwepo. Wakasema basi mtu aipande ndege ailete. Hapakuwa na mfanyakazi wa Ghana mwenye viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja wao asafiri na diski mkononi hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, na huyo ndiye aliyeruka nayo hadi London. Kampuni yenye meli dunia nzima ilikaa ikisubiri diski moja iliyo ndani ya begi la mtu. Na diski ile haikupitia kwenye harusi yoyote njiani.

Wengine walikuwa na nakala nyingi bila kuwa na hata moja. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, usiku akiwa amechoka, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe, gigabaiti 300 hivi. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na zilipohitajika ikabainika kwamba hakuna hata moja inayotegemeka. Waliokolewa na nakala iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa, saa sita kabla. Ninachowapendea, na naomba usikichukulie kama mfano unaomhusu mtu yeyote, ni kwamba hawakusimama kwenye kikao wakasema kila kitu kimerudi. Waliandika hadharani kwamba wamepoteza saa sita za kazi za wateja, na sababu yake.

Sisi tulipoteza wiki saba na siku tatu.

Mstari ulipofika mwisho kompyuta yako iliwaka, picha ya familia ikatokea kwenye kioo, ukafurahi, ukaandika neno lako la siri. Likakataliwa. Ukaandika tena kwa herufi kubwa. Nilikueleza kwa sauti ya chini kwamba kompyuta hii iko tarehe 4 Aprili na inalijua neno la siri la tarehe 4 Aprili, lile ulilolibadilisha baada ya harusi. Ukasema hulikumbuki. Kwa bahati, karatasi ya njano yenye neno hilo ilikuwa bado imebandikwa chini ya kibodi. Kitengo changu kimekuwa kikikemea karatasi hizo kwa miaka sita. Siku ile nilinyamaza.

Kisha ukafungua mafaili, ukaona majina yote yako pale, ukaridhika. Haikuwa rahisi kwako kuona pengo, kwa sababu barua isiyokuwepo haiachi nafasi wazi kwenye orodha. Aliyeliona ni katibu muhtasi wako. Yeye na mhasibu msaidizi walikaa mpaka saa moja usiku kwa siku tisa, wakichapa upya barua na hati za malipo za wiki hizo kutoka kwenye majalada ya masjala, yale tuliyotangaziwa mwaka jana kwamba yamepitwa na wakati. Visivyokuwa na karatasi havikurudi. Katibu muhtasi ananiambia kwamba kimojawapo ni barua aliyoichapa katikati ya Mei kwa maelekezo yako, iliyokuwa ikisubiri wino wa printa: ilikuwa ya kuidhinisha dokezo langu la tatu, la kununua diski ya pili. Nimefarijika sana kusikia kwamba iliwahi kuwepo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima naomba iandikwe tena. Diski ziwe mbili, zipokezane kila Ijumaa, moja ichomolewe kazi ikiisha na ilale kwenye sefu ya jengo la pili, maana diski inayoachwa imechomekwa siku zote hufungwa pamoja na kompyuta na hao wanaodai fidia kwa kuteka mafaili. Zisiwe za rangi ya kuvutia. Diski ya akiba ya ndani isipungue terabaiti 1 kama iliyomo sasa, na naomba tarakimu hiyo iandikwe kwa maneno ili Ununuzi wasiione kama pendekezo. Na kila robo mwaka nipewe siku moja na ile kompyuta mbovu-mbovu iliyoko stoo, niichukue taswira ya karibuni niirejeshe humo, niiwashe, nifungue faili moja la mishahara, nizime. Hii ndiyo naiombea zaidi. Diski ile nyeusi ilikuwa na nakala kwenye ripoti zangu zote za mwezi, na nilizisaini mwenyewe nikiamini. Siku moja ya majaribio mwezi Aprili ingenionyesha kwamba haipo ndani ya droo, na kwamba ninachoripoti ni droo.

Kuna jambo dogo la kiufundi nisilotaka likuchoshe. Chombo nilichotumia, Microsoft wenyewe walitangaza mwaka 2017 kwamba hawakiendelezi tena, wakashauri watu watafute cha wengine. Bado kimo hata ndani ya Windows 11, kwenye kona ya mipangilio ya zamani, kikiwa na lebo ya Windows 7 kama mzee anayeendelea kuvaa beji ya kiwanda kilichofungwa. Vijana wangu wameanza kujifunza Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa Taiwan. Haina urembo, na kwa kawaida nayo inataka mtungi usiopungua ule wa mwanzo, ila haijaachwa na wenyewe. Na kwa kuwa Windows 10 iliyomo kwenye taswira yako inafikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, taswira hiyo imebakiwa na miezi mitatu ya kuwa mali. Baada ya hapo itakuwa kumbukumbu.

Nimefika sasa kwenye suala la mchango, ambalo niliahidi kulirudia.

Miongoni mwa mafaili yaliyorejea salama ni orodha ya ahadi za harusi, ambayo kwa sababu nzuri ilikuwa ikitunzwa kwenye kompyuta ya ofisi. Imerejea kama ilivyokuwa tarehe 4 Aprili. Mimi nililipa shilingi 50,000 tarehe 12 Aprili. Jumamosi ya tarehe 14 Juni, kwenye kikao cha kuvunja kamati, baada ya supu, orodha ile ilisomwa kwa kipaza sauti, na mimi na wenzangu 22 tukatajwa kwamba tumekula pilau ya watu bila kutimiza ahadi. Mke wangu alikuwepo. Nilitaka kusimama nieleze habari ya taswira na diski, lakini mshereheshaji alikuwa ameshaanza kuwashukuru waliolipa, nawe ulikuwa unatabasamu, nikaona si vizuri kuharibu shughuli.

Nimeambatisha ujumbe wa muamala kutoka kwenye simu yangu, wenye tarehe, saa na namba ya kumbukumbu. Nimeutunza sehemu tatu.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Afisa TEHAMA
(namba 17 kwenye orodha ya wadaiwa)

Nakala: Mweka Hazina, Kamati ya Harusi – kwa marekebisho
Masjala – kwenye karatasi, tafadhali